Mlima Alioogopa Kwenda Peke Yake

Mwanangu aliponipigia simu kuniomba nimfuate Austria tukapande mlima, nilicheka. Nilikuwa kwenye duka langu la ushonaji pale Malvern, Johannesburg, nakunja pindo la gauni, na mteja mwenyewe amesimama mbele yangu amejifunga khanga akilisubiri. Nilidhani ni utani. Mimi mtu wa Tanga, umri umeenda, magoti yananilalamikia kila nikipanda ngazi za gorofa ya shoga yangu kule Joubert Park lifti inapoharibika, leo nikapande mlima Ulaya?

"Sitanii, Ma," akasema. "Njoo. Tiketi nitakata mimi. Kuna mlima mmoja nataka twende wote."

Aliyasema kwa Kiingereza, kama kawaida yake. Amezaliwa hapa Johannesburg. Kiswahili anakisikia chote, hata kile cha mafumbo, lakini akijibu ni Kiingereza, na akiwa na wenzake ni Kizulu. Mimi namsemesha kwa langu, yeye ananijibu kwa lake, na hatukuwahi kuona ajabu. Maneno yake hapa nayaandika kwa Kiswahili kwa sababu ndivyo yalivyonikaa kichwani.

Kupanda alianza akiwa mdogo, kwenye mawe ya kile kilima cha nyuma ya mtaa wetu wa Bellevue. Baba yake alikuwa akimkataza, kwanza kwa sababu ya vibaka wanaojificha kule juu, pili kwa sababu ya kuanguka. Hakukoma. Shule ya sekondari aliyopata ilikuwa na ukuta wa kupandia, na kuanzia hapo ikawa ndiyo starehe yake. Alipokwenda Austria kusoma uhandisi, na baadaye akapata kazi hukohuko, akawa kila Jumamosi anatutumia picha akiwa juu ya jiwe fulani, amening'inia kwa kamba, anacheka. Mume wangu alikuwa hazitazami. Ananirudishia simu.

Halafu picha zilikoma. Mimi sikushangaa sana. Nilijua kazi zimemzidi. Nilipomuuliza akaniambia ndiyo, kazi.

Siku ile ya simu mteja alipoondoka na gauni lake, nilibaki nimekaa mbele ya cherehani. Kilichonikaa rohoni si ule mlima. Ni vile alivyosema "njoo". Hakuwahi kuniomba kitu kwa sauti ile tangu akiwa mtoto mwenye homa.

Jioni nilimwambia mume wangu. Anafanya kazi ya ulinzi, na wakati huo alikuwa akiingia zamu za usiku, kwa hiyo nilimkuta anavaa viatu.

"Nenda," akasema. "Ukimwona, mwangalie vizuri."

"Nimwangalie nini?"

"Sijui. Mwangalie tu."

Viza ilinisumbua, nusura nikate tamaa, lakini ilitoka. Niliiacha Bellevue kwenye baridi ya Julai, mabomba yameganda asubuhi, nikashuka kwenye jua la kiangazi. Mwanangu alinipokea uwanjani. Alinikumbatia akakaa hivyo muda mrefu, mpaka watu wakawa wanatuzunguka kupita na mabegi yao. Nilimwangalia kama nilivyoagizwa. Alikuwa amekonda. Shati, ambalo nilimshonea mwenyewe na vipimo vyake ninavyo kichwani, lilikuwa linamwelea mabegani.

"Huli?" nikamuuliza.

"Nakula, Ma."

Alinipa siku za kupumzika, akaninunulia viatu vizito vya mlimani, akanifundisha kufunga mikanda ya kiunoni na mapajani. Aliniambia njia tutakayokwenda ni ya matembezi tu, watu wazima wengi huipita, ila sehemu moja juu kabisa ina waya wa chuma uliogongomewa kwenye mwamba, na mtu hujinasa hapo kwa kulabu ili hata akiteleza asiende mbali. Nilisema sawa. Nilikuwa namwogopea yeye zaidi ya waya, ingawa sikujua kwa nini.

Tulikwenda kwa basi hadi bonde moja, tukaanza kutembea msituni. Miti ilipokwisha tukatokea kwenye malisho ya ng'ombe wenye kengele shingoni, na juu ya malisho ndipo nikauona mlima wenyewe. Ulikuwa mweupe. Si weupe wa theluji. Ni jiwe lenyewe, la kijivu cha kupauka, kama kuta za nyumba zilizopigwa chokaa miaka mingi nyuma. Mwanangu akaniambia ndiyo chokaa hasa, mlima mzima. Tulipolifikia jiwe lenyewe nililigusa. Lilikuwa linakwaruza, na maji ya mvua yalikuwa yamelichonga mifereji midogomidogo iliyopangana kama marinda. Mahali pamoja niliona umbo la kome limegandia ndani ya jiwe, nikainama nikaliangalia vizuri.

"Hapa palikuwa bahari," akasema.

"Bahari huku juu?"

"Zamani sana, Ma. Kabla ya watu."

Ndiyo mara pekee siku ile aliyotabasamu.

Tulifika mchana kwenye nyumba ya wapandaji, nyumba ya mbao iliyo katikati ya mlima ambapo watu hulala kabla ya kwenda kileleni. Mwenye kuitunza ni mwanamke wa rika langu, mwenye mikono mikubwa na aproni ya bluu. Alipomwona mwanangu mlangoni aliacha alichokuwa anafanya, akaja akamshika uso kwa mikono yote miwili, akamwambia kitu kwa Kijerumani. Mwanangu aliitikia kwa kichwa. Kisha akasema anakwenda kujaza chupa za maji nje, akatoka haraka.

Yule mama akanigeukia. Kiingereza chake kilikuwa cha kuokoteza kama changu, kwa hiyo tulielewana vizuri.

"Wewe ndiye mama yake," akasema. "Umemlea vizuri. Alikaa naye mpaka helikopta ilipokuja. Hakumwacha hata dakika moja. Pole sana kwa yule kijana."

Nilisema asante. Sikujua nashukuru nini. Niliketi kwenye benchi, na yule mama, kwa kuona uso wangu, akaelewa kwamba nilikuwa sijui lolote. Akaziba mdomo kwa kiganja.

Nilimkuta mwanangu kwenye bomba nyuma ya nyumba. Chupa ilikuwa imejaa na maji yanamwagikia mkononi, naye anayatazama tu.

"Nani amekufa?" nikamuuliza.

Hakujifanya kushangaa. Alifunga bomba, akaweka chupa chini.

"Rafiki yangu. Yule wa kazini. Ulimsalimia kwenye simu siku moja, alisema 'jambo'."

Nilimkumbuka. Kijana mwenye ndevu nyekundu, aliingiza kichwa kwenye kioo cha simu akasema "jambo, mama", nikacheka.

"Lini?"

"Mwaka jana, Agosti. Ile wiki niliyowaambia simu imeharibika."

Akanieleza pale pale tumesimama. Hawakuwa kwenye njia ya matembezi. Walikuwa upande wa pili, kwenye ukuta wa mwamba, wanapanda kwa kamba. Mmoja hutangulia, mwingine hubaki chini ameshika kamba. Ilikuwa zamu ya mwanangu kutangulia, lakini alikuwa amechoka akamwambia mwenzake, nenda wewe. Jiwe alilolishika yule kijana likameguka. Chokaa ni hivyo, akasema, mahali pengine imara kama chuma, mahali pengine inakutoka mkononi kama mkate. Alianguka akajigonga kwenye ubao wa mwamba uliochomoza kabla kamba haijakaza. Mwanangu alimfikia. Alimshika kichwa. Helikopta ilipofika, yule kijana alikuwa keshakata roho.

"Na hukutuambia."

"Baba angesema nini? Alinikataza maisha yangu yote."

Nilimwambia tushuke, turudi nyumbani, basi la jioni bado lipo. Akatikisa kichwa.

"Familia yake wameweka msalaba mdogo pale alipoanguka. Unafikika kwa njia ya juu, baada ya waya. Sijawahi kuuona. Siwezi kwenda peke yangu, na siwezi kwenda na mtu wa hapa. Kila mtu wa hapa ananiangalia." Akanishika mkono. "Eish, Ma. Tafadhali."

Tulilala pale. Au tuseme tulijinyoosha pale.

Asubuhi tulianza kupanda kukiwa na ukungu. Njia ilikuwa ya kokoto zinazoteleza, unapiga hatua moja mbele unarudi nusu. Mwanangu alitangulia, akigeuka kila mara kunitazama, na mimi nikimtazama yeye. Jua lilipochoma ukungu tukajikuta kwenye mgongo wa mlima, bonde kushoto na bonde kulia, ng'ombe wa jana wamekuwa kama punje za mchele. Kizunguzungu kilinipata. Niliamua kutazama visigino vyake tu, nikaenda hivyo hivyo, kisigino baada ya kisigino.

Waya ulianzia pale njia inapobana. Kulia ukuta wa mwamba, kushoto hakuna kitu. Mwanangu alinasa kulabu zangu, akazivuta kuhakikisha, akanasa zake, tukaanza. Mwamba ulipopinda tukaona mbele yetu, ng'ambo ya korongo dogo, kitu kidogo cha chuma kinametameta kwenye ubao wa jiwe.

Akasimama.

Nilingoja. Nilidhani anapumua. Kisha nikaona mguu wake wa kulia unatetemeka, kwanza kidogo, halafu mpaka soli ya kiatu ikawa inagonga jiwe. Alikuwa ameukumbatia waya kwa mikono miwili na paji la uso ameligandisha kwenye mwamba.

"Mwanangu."

Alizidi kuubana waya.

"Mwanangu, nipo hapa nyuma yako."

"Siwezi," akasema. "Siwezi kwenda wala siwezi kurudi."

Mimi niliyeogopa kila kitu tangu tulipoacha msitu, ghafla sikuogopa. Au niseme hofu ilikuwepo lakini ilihama, yote ikawa ya kwake. Nilisogea nikashika mkanda wake wa kiunoni kwa nyuma, nikaukaza mkononi kama ninavyoshika kitambaa kizito kisiteleze chini ya sindano. Sikuwa na nguvu ya kumzuia mtu mzima asianguke, nilijua hilo. Niliushika hivyo hivyo.

"Niambie kitu," akasema. "Chochote."

Mtu unaambiwa useme chochote, na akili inakuwa nyeupe. Nikaanza na duka. Nikamwambia yule Mkongomani fundi nywele wa jirani amehamia upande wa pili wa barabara yetu ya Jules Street, karibu na robot, zile taa za magari, na wateja wake bado wanakuja kwangu kumuulizia. Nikamwambia kwaya ya kanisa moja imeniletea vitambaa vya sare vya rangi mbili tofauti halafu wananilaumu mimi kwamba havifanani. Nikamwambia kuhusu bibi harusi aliyekuja kujipima gauni akiwa na mama yake na mama mkwe wake mtarajiwa, mmoja anataka mikono mirefu, mwingine anataka mifupi, na binti mwenyewe amesimama katikati analia, mpaka nikawatoa nje wote wawili nikamuuliza, wewe unatakaje?

"Akasemaje?" mwanangu akauliza, paji lake bado liko kwenye jiwe.

"Akasema hataki kuolewa."

Alitoa sauti. Sikujua kama anacheka au analia, ila mgongo wake ulishuka kidogo chini ya mkono wangu. Nyuma yetu watu wawili, mume na mke, walikuwa wamefika na kusimama. Yule mwanamume aliweka begi lake chini, akaketi, kuonyesha kwamba hawana haraka. Niliwashukuru moyoni.

Niliendelea kuongea mpaka koo likanikauka. Mguu wake ulipotulia nikamwambia, "Tunarudi sasa. Mimi nitatangulia, wewe unifuate."

"Hatujafika kwenye msalaba."

"Tumeuona."

Aliinua kichwa akautazama. Mimi pia niliutazama. Sikujua mtu husema nini kwa maiti wa dini nyingine, aliyekufa mbali na kwao na kwangu. Nikasema "pole", kwa sauti, kama ninavyoingia kwenye nyumba ya msiba. Mwanangu naye akasema, "Pole." Kwa Kiswahili. Kisha akalitaja jina la rafiki yake, na tukageuka.

Tulipofika chini ya kokoto, kwenye nyasi, tulivua mikanda tukakaa. Alikuwa ameloa jasho. Nilimpa maji. Ndipo akasema, akiwa hanitazami:

"Nilikuja huku mwezi wa tano. Peke yangu. Kabla theluji haijaisha."

"Jana umeniambia huwezi kuja peke yako."

"Nilifika kwenye waya tu. Na ile siku sikuja kuona msalaba, Ma."

Nilielewa. Mwili wangu ulielewa kabla ya kichwa. Lakini nilitaka alitamke, kwa sababu nilihisi likibaki halijatamkwa litaondoka naye.

"Ulitaka kufa?"

Aling'oa majani.

"Nilitaka inyamaze. Ile sauti ya jiwe likimeguka. Naisikia kazini, naisikia dukani. Nilidhani ndiyo njia ya kuinyamazisha."

"Na kwa nini ulirudi?"

"Ukungu ulishuka, sikuweza kuona chochote. Nikarudi kwenye nyumba kule chini. Yule mama akanipa supu. Siku ya pili nikakupigia simu."

Nilimshika nikamlaza kichwa mapajani mwangu, mtu mrefu vile, miguu yake imefika kwenye njia na watu wanairuka. Sikumsomea mahubiri. Sikuwa nayo. Nilimuuliza kama kuna daktari anayemwona, akasema hapana. Nikamwambia siondoki nchi hii mpaka amwone mmoja na mimi nimekaa nje ya mlango. Akaniambia, "Usimwambie Baba." Sikumjibu.

Daktari alipatikana, mwanamke mpole, na nilikaa nje ya mlango kweli. Mara ya kwanza mwanangu alitoka amevimba macho. Mara ya pili alitoka akasema ana njaa. Nilitaka kubaki zaidi lakini viza haikuniruhusu. Uwanjani nilimwambia kila jioni nitapiga, na asipopokea nitampigia yule mama wa mlimani, na asipopokea yeye nitapigia polisi wa Austria nzima. Akasema, "Sharp, Ma," yaani sawa, akajaribu kutabasamu.

Mume wangu alinipokea. Tulifika nyumbani, nikaweka chai jikoni, akaketi kwenye kile kiti chake cha dirishani, na nikamwambia yote. Nilianza na jiwe nikamaliza na mwezi wa tano. Sikuficha hata neno. Mwanangu aliniomba ninyamaze, lakini niliuona mzigo ule ulivyomfanya mmoja aliyeubeba peke yake, na sikutaka tuwe wawili.

Nilitegemea ghadhabu. Nilitegemea "nilisema mimi". Mume wangu aliitazama chai mpaka ikafanya utando. Kisha akachukua simu, akampigia mtoto, na nikamsikia akisema kwa sauti ambayo sijawahi kumsikia nayo:

"Baba yako hapa. Umekula?"

Basi. Hilo tu. Upande wa pili nikasikia kilio, na mume wangu akaishika simu sikioni, akingoja kilio kiishe, na hakikuisha upesi.

Desemba alipewa likizo ya ugonjwa kazini, akaja nyumbani akakaa na sisi Bellevue hadi mvua zilipokwisha. Mume wangu aliomba kuhamishiwa zamu za mchana. Siku nyingine mwanangu alikuja dukani akakaa kona akinifumulia mishono, siku nyingine hakutoka chumbani, nami nikawa natafuta visingizio vya kugonga mlango: sabuni, chaja, chai. Kuna Jumapili baba yake alimwambia, "Twende pale kilimani." Kile kilima alichomkataza miaka yote. Walikwenda wakarudi na vumbi kwenye suruali. Hawakuniambia walizungumza nini na sikuuliza.

Kisha akarudi kazini kwake. Sikutaka, lakini ni mtu mzima na daktari wake yuko huko. Tunazungumza kila jioni. Sauti ya jiwe bado anaisikia, anasema, ila siku hizi inapita. Kuna jioni anachelewa kupokea, na katika zile dakika mimi huwa si mtu. Mume wangu husimama katikati ya sebule na taulo begani mpaka asikie naongea.

Wiki iliyopita alinipigia mchana, akaniambia amepanda tena. Mwamba mfupi tu, karibu na mji, na kamba mpya, na kocha amemshikia chini.

"Umekasirika, Ma?"

Nilimwambia hapana. Nilimuuliza kama mikono ilimtetemeka, akasema ndiyo, mwanzo. Tukaagana. Mteja alikuwa amekaa ananingoja nimpime, na futi iko shingoni mwangu, lakini nilimwomba arudi kesho. Nilivuta geti la duka katikati ya mchana, nikaketi ndani gizani, na nje magari ya Jules Street yakaendelea kupiga honi.